Muuzaji anasema kasha lote ni la alumini: nitathibitishaje kabla ya kulipa?

nyar_nam, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni karani wa chama cha akiba cha akina mama hapa Kisumu, na nimepewa jukumu la kununua kompyuta moja ya kuwekea hesabu za wanachama. Fedha ni za watu na kila shilingi nitaisomea mkutanoni, kwa hivyo sitaki kulipia sifa ambayo siwezi kuithibitisha.

Katika duka moja mjini nimeonyeshwa vipakatalishi viwili vya inchi 14, vyote vya mtumba kutoka Ulaya, vyenye prosesa ya kizazi kimoja, kumbukumbu sawa na diski ya ukubwa uleule. Kimoja ni cheusi na hakina madoido yoyote. Cha pili kina rangi ya fedha, na kifuniko chake kina mistari myembamba kana kwamba kimesuguliwa kwa brashi ya waya. Hiki cha pili kimeongezwa shilingi 7,000 juu ya bei ya mwenzake, na sababu pekee niliyopewa ni kwamba kasha lake lote ni la alumini, eti kitadumu zaidi na hakitapata joto.

Muuzaji alikigonga kwa ukucha, akanishikisha, akaniambia nisikie ubaridi wa chuma. Ilikuwa saa nane mchana, na kusema kweli sikuhisi ubaridi wowote katika kile cha fedha wala katika kile cheusi. Kisha akaleta sumaku ndogo, akaiweka juu ya kifuniko, ikateleza na kuanguka, akasema huo ndio ushahidi kamili kwa sababu alumini haishikwi na sumaku. Jambo hilo lilinizidishia shaka, maana hata plastiki haishikwi na sumaku.

Naomba kujua kama kuna njia ya kubainisha jambo hili bila kuikwaruza mali ya mtu, na kama ni alumini kweli, je, nyongeza hiyo inastahili? Muuzaji ni mwungwana na amekubali fundi afungue upande wa chini wa zote mbili mbele yake.

---

fundi_kondele, Kisumu

Dada, swali ni zuri, ila neno "lote" ndilo linalowapa wauzaji mwanya. Kasha la kipakatalishi si kitu kimoja. Viwandani huhesabu nyuso nne na kuzipa herufi: A ni mgongo wa kifuniko, ule unaoonekana kompyuta ikiwa imefungwa, B ni fremu inayozunguka kioo, C ni uso wenye kibodi ambao viganja hulala juu yake, na D ni upande wa chini. Kampuni nyingi huweka alumini kwenye A peke yake, kwa sababu ndiyo mnunuzi anayoiona dirishani, kisha C na D zikawa plastiki iliyopakwa rangi ileile ya fedha kwa ustadi mkubwa. Mwenye kompyuta hiyo akisema ni ya alumini hasemi uongo mtupu, lakini akisema yote ni ya alumini hapo tunapaswa kumuuliza ni uso upi anaouzungumzia.

Ile mistari ya kusuguliwa isikupe imani. Siku hizi mistari hiyo huchapwa kwenye utando mwembamba unaobandikwa ndani ya kalibu plastiki inapomiminwa, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Uzuri wa mtumba ni kwamba umekwisha kutumika, na matumizi hufichua kilicho ndani kuliko maneno ya mtu yeyote. Anza na pembe, mahali kompyuta hugongwa inapoanguka au inaposukumwa ndani ya mkoba. Alumini hubonyea na kubaki imebonyea, na ukipitisha kidole unasikia kishimo chenye ukingo laini. Plastiki haibonyei hivyo. Hupata ufa, au humeguka, au hugeuka weupe mahali ilipokunjika. Kisha tazama uso wa C, kandokando ya padi ya kugusa, pale viganja vinapolala kutwa. Plastiki tupu iliyosuguliwa na viganja kwa miaka hung'aa kama imepakwa mafuta, na ile iliyopakwa rangi huchubuka na kuonyesha weusi au ukijivu wa plastiki chini yake. Alumini haichubuki. Jasho lenye chumvi likiishambulia huacha vidoa vidogo vyeupe vilivyotoboka, vinavyokwaruza ukivigusa.

Fundi akifungua upande wa chini, mwambie augeuze na asome. Sehemu kubwa za plastiki hupigwa muhuri wa aina ya plastiki kwa ajili ya watu wanaozirejeleza, na mara nyingi utaona herufi ABS au PC+ABS katikati ya mabano ya pembe. Ukiziona hizo, mjadala wa uso huo umekwisha. Tazama pia skrubu zinapoingia. Katika plastiki, skrubu huingia kwenye vipete vidogo vya shaba ya njano vilivyodidimizwa kwa moto ndani ya vigingi vya plastiki, na katika alumini iliyochongwa, nyuzi za skrubu mara nyingi zimekatwa ndani ya chuma chenyewe. Hivyo vipete ndivyo chanzo cha kazi nyingi zinazoletwa mezani kwangu: bawaba ikikaza, huving'oa pamoja na kipande cha plastiki, na mwenye kompyuta hudhani ni kioo kilichoharibika.

Usidanganywe na mng'ao wa ndani. Makasha mengi ya plastiki hupakwa upande wa ndani rangi yenye unga wa chuma, au hubandikwa karatasi ya alumini, ili kuzuia mawimbi ya umeme yasitoke nje. Nimeona mtu akiweka ncha za mita ya kupimia umeme hapo, mita ikalia, akatangaza kwamba kasha zima ni chuma. Kinyume chake pia hutokea: ukiweka ncha hizo juu ya alumini halisi, mita inaweza kunyamaza kabisa, kwa sababu uso wa alumini ya kompyuta umefunikwa na tabaka lisilopitisha umeme. Kwa kazi hii mita iache mkobani.

---

kimilili_moja, Bungoma

Naona mnamchosha mama bure. Chuma ni kizito na plastiki ni nyepesi. Azibebe zote mbili, moja kwa kila mkono, na ile iliyo nzito ndiyo ya alumini. Mambo ya vipete na mabano tuwaachie mafundi.

---

mwalimu_wa_fizikia, Kakamega

Ndugu wa Bungoma, ningekubaliana nawe kama kasha lingekuwa ndilo uzito wote wa kompyuta. Sehemu kubwa ya uzito ni betri, kioo, bodi na vipoza joto, na mashine mbili za inchi 14 zinaweza kupishana kwa sababu ya betri tu. Hata ukilitenga kasha, mkono utakudanganya, na ningependa kuonyesha kwa hesabu.

Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7. Ya magnesi, ambayo ni metali nyingine inayotumika sana katika kompyuta za kazi za ofisini, ni takriban gramu 1.8 ikiwa imechanganywa kuwa aloi. Plastiki za makasha huwa kati ya 1.05 na 1.2, na hupanda kidogo zikitiwa nyuzi za kioo. Chuma cha kawaida kinakaribia 7.9. Sasa chukua kibao cha chini chenye upana wa sentimita 32 kwa 22. Kikiwa cha alumini ya unene wa milimita 1, ujazo wake ni sentimita za ujazo 70 hivi na uzito wake ni kama gramu 190. Kikiwa cha plastiki, mtengenezaji hawezi kutumia milimita 1 kwa kuwa kitapinda kama kadi, basi huweka milimita 2, na uzito unafika kama gramu 160. Kikiwa cha magnesi ya milimita 1, uzito ni kama gramu 127. Kwa maneno mengine, metali inaweza kuwa nyepesi kuliko plastiki, na mkono uliozoea kupima debe la mahindi hauwezi kuamua tofauti ya gramu 30 ndani ya mashine ya kilo moja na nusu.

Kinachoamua ni uzito ukilinganishwa na ujazo, na huo unaweza kupimwa hapo dukani kwa mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Fundi akishatoa kibao cha chini na kuhakikisha hakina spika, waya wala kifaa chochote cha umeme kilichobandikwa, na miguu yake ya mpira imebanduliwa, kipime kikiwa kikavu na uandike uzito. Kisha weka juu ya mizani trei pana ya kuokea yenye maji ya kina cha kutosha kukizamisha, na uirudishe mizani kwenye sufuri. Kifunge kibao kwa nyuzi, kishushe ndani ya maji kikiwa kimelala, kizame chote bila kugusa sakafu ya trei, nawe ukiwa umeshikilia nyuzi kwa mkono. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, tarakimu hiyo ndiyo ujazo wa kibao. Gawa uzito mkavu kwa tarakimu hiyo. Ukipata karibu na 2.7 ni alumini, 1.8 ni magnesi, 1.2 ni plastiki. Tikisa kwanza ili mapovu yatoke, kwa maana povu lililonaswa kwenye kona huongeza ujazo wa uongo na kuifanya metali ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Ni kanuni ya Archimedes ileile ambayo wanafunzi hulalamika kwamba hawataitumia popote.

Kuhusu ubaridi, nyar_nam, ulichokiona saa nane mchana hakishangazi. Metali haina ubaridi wake yenyewe. Hunyonya joto la kidole haraka, kwa sababu hupitisha joto mamia ya mara kuliko plastiki, na kidole hutafsiri unyonyaji huo kuwa baridi. Lakini joto husafiri kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto kidogo, na ngozi ya kidole iko kwenye nyuzi 30 na kitu. Mchana wa Kisumu, chumba kikiwa nyuzi 30 au zaidi, hakuna tofauti ya kutosha ya kusukuma joto lolote, na alumini na plastiki huhisika karibu sawa. Rudia asubuhi na mapema duka linapofunguliwa, kompyuta zikiwa zimezimwa usiku kucha, ndipo kidole kitakuwa na la kusema. Hata hivyo kitakutajia metali tu. Hakitakwambia ni metali gani.

Sumaku nayo inafaa, ila si kwa namna alivyoitumia muuzaji. Sumaku kali inapoteleza juu ya metali inayopitisha umeme vizuri, huamsha mikondo ya umeme ndani ya metali hiyo, na mikondo hiyo huivuta sumaku nyuma. Inamisha kibao kilichotolewa, acha sumaku kali iteleze juu yake, kisha irudie juu ya plastiki iliyoinamishwa vivyo hivyo. Juu ya alumini itashuka polepole kwa namna inayoonekana wazi. Fundi yeyote ana sumaku kama hizo ndani ya diski zilizokufa. Jambo hili lifanywe kwa kibao kilichotolewa tu, kamwe lisifanywe juu ya kompyuta iliyounganishwa, hasa ikiwa na diski ya kuzunguka.

---

fundi_kondele, Kisumu

Mwalimu, sumaku za diski ninazo kopo zima, na hilo la kuteleza nimelijaribu sasa hivi kwenye vibao vilivyo hapa mezani. Vya alumini vinaishika kweli. Cha magnesi pia kinaichelewesha, ingawa si sana. Kwenye plastiki iliyopakwa ule unga wa chuma, imeteleza kana kwamba hakuna kitu, na hapo ndipo inapoizidi mita.

Nyongeza moja kuhusu kifuniko, ambacho dada hawezi kukizamisha majini. Mawimbi ya waifai hayapiti kwenye metali, kwa hivyo kifuniko cha metali lazima kiachiwe dirisha la antena. Tazama ukingo wa juu wa kifuniko au sehemu ya bawaba. Ukiona utepe wa plastiki ambao rangi yake inakaribiana na ya kifuniko bila kulingana nayo kabisa, hiyo ni dalili nzuri kwamba sehemu iliyobaki ni metali. Kifuniko cha plastiki hakihitaji utepe huo.

---

mkazi_wa_section58, Nakuru

Ninafuatilia mjadala huu kwa sababu kazi yangu ni ununuzi wa vifaa vya ofisi, na ningependa kuongeza yanayohusu karatasi, kisha nijibu swali la pili ambalo naona limesahaulika, yaani kama alumini inastahili nyongeza.

Karatasi kwanza. Chini ya kila kompyuta kuna kibandiko chenye jina kamili la modeli, na jina hilo lina thamani kuliko maelezo ya dukani. Lenovo huchapisha hadharani maelezo ya kila modeli katika mfumo wake uitwao PSREF, na humo mna mstari wa vifaa vya kasha unaotaja uso wa juu ni nini na wa chini ni nini. HP nayo ina nyaraka zake za QuickSpecs. Uwe mwangalifu na lugha: maneno kama "mwonekano wa alumini", "umaliziaji wa metali" au "rangi ya fedha asilia" hayaahidi metali yoyote. Mtengenezaji aliyegharamia alumini huandika alumini waziwazi, tena hutaja mahali ilipo.

Sifa ya alumini ilitokana kwa kiasi kikubwa na Apple. Mwaka 2001 ilitoa PowerBook G4 ya titani, mwaka 2003 ikahamia alumini, na mwezi wa Oktoba 2008 ikaonyesha MacBook na MacBook Pro ambazo kasha lake limechongwa kutoka bonge moja la alumini badala ya kuunganishwa kwa vipande. Tangu hapo, kila kampuni ilitaka rangi ya fedha, hata zile ambazo hazikuwa tayari kulipia alumini yenyewe. Upande wa pili, ThinkPad nyingi za Lenovo ambazo watu huzipita dukani kwa sababu ni nyeusi zina fremu ya magnesi ndani na kifuniko cha plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Hizo hazitametameti, lakini zilibuniwa kwa watu wanaosafiri nazo kila siku.

Kuhusu joto, alumini husambaza joto haraka, ndiyo, lakini kazi ya kuliondoa hubaki kwa feni na mabomba ya shaba yaliyo ndani. Matokeo ya kasha la metali mara nyingi ni kwamba joto hilo hulifikia paja lako upesi zaidi. Feni iliyojaa vumbi itaiunguza kompyuta ya alumini kama inavyoiunguza ya plastiki, na shilingi 500 za kusafisha feni na kubadilisha pasta ya joto zitakusaidia kuliko 7,000 za kasha.

Kuna pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Chaja za kompyuta huvujisha kiasi kidogo sana cha umeme kuelekea kwenye kasha, na kiasi hicho kinapaswa kushuka ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Katika nyumba nyingi zetu, soketi ina matundu matatu lakini waya wa ardhi haukuunganishwa popote, au mtu anatumia chaja ya pini mbili kwa adapta. Hapo kasha la metali hukuwasha viganja kwa mtetemo mwembamba, hasa ukiwa miguu mitupu sakafuni. Si hatari kwa kawaida ikiwa chaja ni nzima, lakini huudhi. Plastiki haina kero hiyo.

Mwisho, nyar_nam, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake, "kasha lote ni la alumini". Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi jambo la uongo kuhusu ubora wa bidhaa, na maandishi hurahisisha kesi. Ila sidhani utafika huko. Mara nyingi kalamu ikishikwa, neno "lote" huondoka lenyewe.

---

kimilili_moja, Bungoma

Hilo la kuwashwa viganja nimelipata kwa miaka nikidhani kompyuta yangu ina kasoro. Nashukuru. Kuhusu uzito ninanyamaza, mwalimu.

---

nyar_nam, Kisumu

Nawashukuru nyote. Nilirudi dukani asubuhi na mapema pamoja na fundi, mizani ya jirani yangu anayeoka keki, na trei yake. Muuzaji alicheka sana alipoona maji, lakini aliturahisishia kazi kwa kutupa meza ya nyuma, na wateja wawili wakaacha shughuli zao wakaja kutazama.

Tulianza na kile cha fedha. Kifuniko kilikuwa baridi kweli, na uso wa kibodi haukuwa baridi hata kidogo, jambo ambalo muuzaji mwenyewe alilihisi akakunja uso. Pembe moja ya kifuniko imebonyea kidogo bila ufa, na kwenye ukingo wa juu kuna utepe wa plastiki kama alivyoeleza fundi_kondele. Upande wa kushoto wa padi rangi imechubuka kwa ukubwa wa ukucha, na chini yake kuna ukijivu wa plastiki. Kibao cha chini kilipogeuzwa kilikuwa na muhuri wa PC+ABS, lakini tulikizamisha vilevile kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kikavu kilikuwa gramu 168, mizani ya maji ikasoma 141. Hiyo ni 1.19.

Kisha muuzaji mwenyewe akasema tuzamishe na kile cheusi, ili tusimwonee. Kikavu kilikuwa gramu 131. Majini ilisoma 72. Tulipogawa tukapata 1.82, na fundi akarudia mara ya pili kwa kuwa hakuamini. Ndani ya kibao hicho, karibu na tundu la skrubu, kulikuwa na herufi Mg, alama ya magnesi, ambazo hakuna aliyekuwa amezitazama.

Basi yule mweusi wa bei ya chini ndiye mwenye metali pande za chini, na yule wa fedha ana metali kwenye kifuniko tu. Nilipoomba risiti iandikwe kama alivyoshauri ndugu wa Nakuru, muuzaji alisema atakiuza kile cha fedha kwa nyongeza ya 2,000 badala ya 7,000, kwa ajili ya kifuniko. Nimechukua cheusi kwa bei yake ya kwanza.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, kifuniko cha kile cha fedha kingekuwa alumini au magnesi? Muuzaji anataka kujua ili aseme ukweli kwa mteja mwingine. Pili, pembe moja ya kompyuta tuliyonunua rangi imebanduka na metali ya kijivu iko wazi. Je, ina madhara?

---

mwalimu_wa_fizikia, Kakamega

Kwa la kwanza, tazama ukingo wa kifuniko mahali kilipokatwa. Alumini ya kompyuta kwa kawaida haipakwi rangi. Hutumbukizwa katika asidi ya salfuriki na kupitishiwa umeme hadi uso wake ujenge tabaka gumu la oksidi, na rangi hunywewa na vitundu vya tabaka hilo kabla havijazibwa. Kazi hiyo huitwa anodaizi, na ndiyo sababu mng'ao wa metali hubaki ukionekana kupitia rangi, na mistari ya brashi huwa ni mikwaruzo ya kweli ambayo ukucha unaihisi. Magnesi hushambuliwa na unyevu kwa urahisi zaidi, hivyo karibu kila mara hufichwa chini ya rangi nzito isiyopitisha mwanga. Kifuniko hicho kimebonyea pembeni bila kupasuka, na ikiwa mistari yake inahisika kwa ukucha, basi ni alumini. Magnesi ya kumiminwa kwenye kalibu ingeelekea kupasuka. Hapo muuzaji anaweza kuandika "kifuniko cha alumini, sehemu nyingine plastiki" bila hofu.

---

fundi_kondele, Kisumu

Mashine uliyochukua ni nzuri, dada. Hapo palipobanduka si hatari kwa kompyuta wala kwa mtumiaji, lakini usipaache wazi, kwa sababu kwa unyevu huu wetu wa ziwani na jasho la mikono patafanya unga mweupe na rangi itaendelea kuinuka pembeni mwake. Futa mahali hapo kwa kitambaa kilichonyunyizwa spiriti kidogo, kompyuta ikiwa imezimwa na chaja imetolewa. Pakikauka, paka rangi nyeusi ya kucha, tabaka mbili nyembamba, ukiiacha ya kwanza ikauke usiku kucha kabla ya kuweka ya pili. Mtu anayesafisha ofisi ya chama aambiwe asiifute kwa maji ya Jik wala kwa siki. Kitambaa chenye unyevu wa maji matupu kinatosha. Na ile miguu ya mpira mliyoibandua mkiwa dukani, irudisheni kwa gundi ya mpira kabla haijapotea, kwa kuwa bila miguu hiyo matundu ya hewa ya chini yatalalia meza na feni itakosa pumzi.